Kiklingoni Tulichokipeleka Mlali

Mimi nauza viatu vya mtumba Majengo, na kazi hiyo imenifundisha kutomwamini mtu anayekubali upesi. Simu yangu niliinunua kwa fundi simu wa jirani, na yeye alikubali upesi. Nikaipekua mara mbili nikiwa bado nimesimama mbele yake: kioo kizima, betri nzima, spika inalia. Nilipofika nyumbani ndipo nikakuta ndani yake mchezo mmoja wa kujenga nyumba kwa matofali, na mchezo wote umeandikwa kwa lugha ambayo sikuwahi kuiona hata kwenye sanduku la viatu, na masanduku ya viatu yana lugha nyingi. Herufi kubwa zilikuwa zimekaa katikati ya maneno kama mbuzi waliolala barabarani. Nikamrudia fundi.

"Hii simu ni ya nani?"

"Ilikuwa yangu, mama."

"Basi nisomee hapa."

Akaitazama kwa muda, akanirudishia. "Hicho kitakuwa Kituruki."

Hakikuwa Kituruki. Mwanafunzi mmoja wa chuo, aliyekuja kutafuta raba, ndiye aliyenitoa gizani. Akasema ni Kiklingoni, lugha iliyotungwa kwa ajili ya kipindi cha televisheni, ya watu wa nyota za mbali, wagomvi, wenye mapaji ya uso yaliyokunjamana. Mtu alikaa chini akatunga sarufi nzima, akatunga na kamusi. Nikamuuliza anayefaidika ni nani. Akasema hakuna. Jibu hilo lilinikosesha amani kabisa.

Nikaanza kumtafuta anayefaidika. Nikapekua masomo yao, mazungumzo yao, nikawakuta watu wazima wa nchi za mbali wakisahihishana viambishi bila malipo, tena kwa ukali. Hakuna aliyeniomba namba ya siri. Hakuna aliyeniambia nimeshinda bahati nasibu. Nikaamua kukaa niwachunguze vizuri, na katika kuwachunguza nikajikuta nimejifunza.

Kwa sisi si lugha ngumu kama inavyotisha. Mzungu anahangaika akiambiwa kwamba ndani ya neno moja kuna mtenda, mtendwa na tendo lenyewe. Sisi tunasema "nakuona" tangu tukiwa mgongoni. Wao wanasema qalegh, na hiyo qa imewapakia "mimi" na "wewe" pamoja kama bodaboda. Kinachotusumbua ni mpangilio. Sentensi yao inaanza na aliyefanyiwa na kuishia na aliyefanya. Ukitaka kusema mbwa amemuuma mwizi, mwizi anatangulia, na mbwa anatokea mwisho kabisa kama shahidi aliyechelewa. Halafu hawana -li- wala -ta-. Kitenzi hakikwambii kama jambo limepita au linakuja. Unaongeza "jana" au "kesho" ukitaka. Wanaoanza wote wanakwama hapo, na mimi huwaambia wazi: lugha isiyotofautisha nilikupa na nitakupa, usiifanyie biashara.

Baada ya muda tukawa kundi la Watanzania kwenye simu, wengi wanafunzi, na mimi nikawa wa kujibu maswali ya wanaoanza. Jumapili mchana, soko likipoa, nakaa juu ya belo la viatu nikisahihisha tafsiri. Anayeanza haulizi sarufi. Anauliza matusi, kisha anauliza jina lake linaandikwaje, kisha anapotea. Wengine wanataka kujua jinsi ya kusalimia, na hapo ndipo ninapowapa habari mbaya: hawa watu hawasalimiani. Wanachosema wakikutana ni nuqneH, yaani "unataka nini". Basi. Hakuna shikamoo, hakuna habari za nyumbani.

Sikumtoza mtu hata mmoja. Ndicho kitu pekee nilichowahi kutoa bila kupatana, na mpaka leo nikikifikiria naona kama kuna mahali nimeibiwa.

Siku moja kijana mmoja alikuja kibandani akiwa na kitambulisho cha ofisi shingoni, mtumishi wa wizara kule Mji wa Serikali. Soli zake zilikuwa nzima, kwa hiyo nikajua hakuja kwa viatu.

"Shikamoo mama. Wewe ndiye unayefundisha Kiklingoni?"

"Marahaba. Nani kakwambia?"

"Nimekuona kwenye kundi. Nataka kumfundisha mtu namba. Na 'inatosha'. Na 'hapana'."

"Hataki matusi?"

"Hapana mama. Hayo tu."

Mtu anayetaka namba, inatosha na hapana, huyo anakwenda kugawana kitu na wenzake mbele ya mwenye kitu. Nikamwambia kama hanielezi, aende akamfundishe huyo mtu Kituruki. Akavuta kigoda, akaeleza.

Alikuwa anaoa. Binti ni wa Mlali, upande wa Kongwa. Yeye kwao Chemba. Wazee wake walishakwenda mara moja kupanga mahari. Walipokuwa pale sebuleni, baba yake mdogo aliinama akamnong'oneza mwenzake kwa Kirangi kwamba mwenye nyumba ana njaa, huyu atakubali chochote. Pembeni alikuwa amekaa mkwe wa nyumba ile ambaye miaka ya nyuma aliishi Kondoa akinunua alizeti. Akawatafsiria wote, neno kwa neno, bila hata kunyanyua sauti. Wageni wakatozwa faini na kuonyeshwa mlango. Baada ya kuombwa sana, baba wa binti alikubali waje tena mara moja. Alisema mara ya tatu haipo.

"Na huyo baba mkwe ni mtu wa namna gani?" nikauliza.

"Haamini mama. Ukimwambia umefika mwisho, anaona unamficha. Dada yake mkubwa huyu binti yuko nyumbani mpaka leo. Wachumba wote waliishia palepale sebuleni. Wanasema hatuna zaidi, mzee anasema mnayo, wanachoka, wanaondoka."

"Kwa hiyo baba yako mdogo anong'one kwa Kiklingoni."

"Nani anakijua Mlali?"

Sikuupenda mpango huo. Nikamweleza kwamba mnong'ono si siri, mnong'ono ni tangazo, na nikampa mfano wa kibandani kwangu. Mteja akikaza, namgeukia jirani anayeuza mikanda, namuuliza kwa Kigogo, kwa sauti ya chini ila si ya chini sana, kama nimwachie mtu huyu kwa bei fulani. Mteja anatega sikio. Akishaisikia, anaitaja yeye kama kaiokota, analipa, anaondoka akitabasamu. Na bei hiyo ndiyo niliyoitaka tangu asubuhi. Ningeitaja usoni kwake angeikataa. Watu hawaiamini bei wanayoambiwa, wanaiamini waliyoidokoa.

"Rudia hapo mama," kijana akasema.

Nikarudia. Nilidhani ni heshima tu.

Wiki hiyohiyo mtu mwingine akaniandikia faraghani kutoka kwenye kundi. Picha yake ilikuwa sufuria. Jina halikuwepo, nukta tu. Akauliza namba. Kisha akauliza "inatosha". Kisha "hapana". Kisha akauliza swali ambalo hakuna mwanafunzi wa mwanzo aliyewahi kuniuliza: mtu akiongea chini chini na kwa haraka, utamfuataje?

Niliisoma mara mbili. Nikamuuliza yuko wapi. Akajibu, "Karibu na Kibaigwa." Kutoka Kibaigwa mpaka Mlali ni pua na mdomo.

Nilipomwona tena kijana nikamuuliza amemwambia nani. "Sijamwambia mtu, mama," akasema huku akitazama viatu. Mimi nawajua watu wanaotazama viatu. Yeye alikuwa hatazami viatu.

Ningeweza kumtoa yule wa sufuria kwenye kundi. Lakini nikimtoa, ataenda kujifunza kwa mwingine nisimwone tena. Akibaki, angalau najua amefika wapi. Nikambakiza. Nikampa mazoezi makavu kuliko wote, mfuatano wa viambishi tamati, ili achoke aondoke. Hakuchoka. Alirudisha kila zoezi, na makosa yake yalikuwa ya mtu anayefikiri: aliweka mtenda mwanzoni, kisha akajisahihisha mwenyewe kabla sijasema. Akaanza kunitumia sauti. Ilikuwa sauti ya msichana, anatamka kwa kuvizia, na nyuma yake kitu kinachemka jikoni. Niliisikiliza sauti hiyo mara nyingi kuliko ilivyohitaji masahihisho. Wale wa Mlali, nikajiambia, safari hii mkwe wao wa alizeti wamemtafuta wa kike.

Baba mdogo, kwa upande wake, alikuwa msiba. Mtu mzima, mpole, kofia imekaa sawasawa, aliketi kibandani kwangu nikamfundisha. Nilipofika kwenye salamu akanisimamisha.

"Dada, yaani mtu kaja kwangu, mimi namwambia 'unataka nini'?"

"Ndivyo wasemavyo."

"Hata kama ni mkubwa wangu?"

"Hata kama ni babu yako."

"Hao watu hawakulelewa," akasema, na salamu hatukuigusa tena. Tukabaki na maneno manne. Yap, inatosha. Ghobe', hapana. HIja', ndiyo. Na wa', yaani mmoja, kwa ajili ya kuongeza mnyama mmoja juu ya waliokwisha kutajwa. Hata hayo manne alikuwa anayachanganya, akisema ndiyo kwa sura ya mtu anayekataa. Kijana akaona haiwezekani. Akaniomba niende nao, nikae kando ya baba yake mdogo kama shangazi, yeye akinong'ona nimjibu.

"Kuanzia leo wewe ni dada yangu," baba mdogo akanitangazia.

Nikamuuliza kijana kwa nini anataka kuniingiza mimi. Akasema kwa sababu najua kupatana. Ni kweli, lakini mtu akikusifia kweli yako, kague mifuko.

Tulikwenda na Noah ya kukodi. Tulisimama kituo cha mafuta, kijana akashuka akasoma simu yake, akarudi dirishani kwa baba yake mdogo.

"Baba, kaka wa Chemba amekubali kumtoa ng'ombe mmoja zaidi. Lakini usimtaje mpaka ubanwe kabisa. Muulize kwanza shangazi."

"Tangu lini kaka yako anatoa vitu?" baba mdogo akauliza.

"Tangu leo."

Nilimtazama kijana. Alikuwa ametulia mno kwa mtu anayekwenda kwenye nafasi yake ya mwisho. Nikaliweka hilo kando, kama ninavyoweka kando kiatu kimoja ambacho sijaona mwenzake.

Mlali tulipokelewa vizuri, jambo ambalo halikunituliza. Kijana akabaki garini, kama ilivyo desturi. Mwoaji haingii mpaka aitwe. Sisi tukaingizwa sebuleni, viti vimepangwa pande mbili. Baba wa binti alikuwa mwembamba, mkimya, macho yake yakienda mfukoni mwa kila mtu na kurudi. Karibu naye alikaa mzee mmoja wa ukoo, mtu wa utani mwingi, ambaye wote walimwita babu. Mkwe wa alizeti alikuwa kwenye kona yake. Nyuma ya pazia la ukumbini palikuwa na jiko, na binti yuko huko, hajaletwa.

Kabla ya jambo lolote baba wa binti akaweka sharti. "Leo ni Kiswahili tu. Atakayenong'ona kilugha humu ndani, faini, na mazungumzo yamekwisha."

Baba mdogo akanitazama. Nikatazama dari.

Mazungumzo yalianza kwa heshima na yakaenda kwa heshima mpaka yakakwama. Sisi tulitaja tulichokuja nacho. Wakaongeza. Tukasogea kidogo. Wakaongeza tena. Baba mdogo akasema kwa unyenyekevu kwamba hapo ndipo mwisho wa ukoo wetu.

"Mnayo mengine," baba wa binti akasema.

"Hatuna, mheshimiwa."

"Mnayo."

Akaegemea kiti. Niliuona uso ule, nikaelewa jinsi binti yake mkubwa alivyobaki nyumbani. Huyu hakuwa mchoyo. Alikuwa mteja wa aina ninayoijua, anayeona kila bei ya mwisho ina nyingine chini yake, na akinunua bila kuifikia hapati usingizi. Tungekaa pale mpaka kesho angesema tunayo.

Baba mdogo akavua kofia, akairudisha. Akaniinamia, na mbele ya watu wote, kwa koo la mtu aliyekwamwa na mfupa, akaninong'oneza, "Wa'?"

Nami, kwa mazoea ya kibandani, kwamba humwachii mteja wakati bado anafikiri, nikamjibu, "Ghobe'."

Vichwa vikatugeukia. Mkwe wa alizeti akatikisa kichwa taratibu. "Hicho si Kirangi," akasema. "Wala si Kisandawe."

"Ni kilugha cha wapi?" baba wa binti akauliza.

"Si kilugha," nikasema. "Hakina kabila."

Sijawahi kuokoa jambo kwa maneno mabovu kiasi hicho. Babu akaweka fimbo yake sakafuni. "Lugha bila kabila? Wenyewe wanazika wapi?"

"Hawaziki, babu."

"Hawafi?"

"Hawapo."

Babu akainamia sikio la mwenye nyumba na kusema kwa Kigogo. Kigogo ni changu, nikasikia. Alisema watu wasio na kaburi tunajua wanaitwaje, na maneno yanayosemwa kwa koo namna ile mbele ya mwenye nyumba ni ya kumlegeza. Alisema tumekuja na uganga.

Faini hulipwa ikaisha. Lakini ukoo ukishasemwa kwamba uliingia kwenye posa na uganga, kijana huyo hataoa Mlali, hataoa Kongwa, na Chemba nako watamuuliza vizuri. Nikajaribu kueleza habari za televisheni na nyota. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mimi mwenyewe nikiwa mganga.

Baba wa binti hakuwa ananisikiliza. Alikuwa amegeukia pazia.

"Hizo sauti," akasema polepole, "nimezisikia humu ndani kwangu. Jikoni. Wiki kadhaa sasa." Akaita. Hakupaza sauti.

Binti akatoka. Alikuwa na kanga mbili, macho chini, mikono imelowa. Akapiga goti akasalimia, shikamoo kwa kila mtu kwa zamu. Nilipoisikia ile shikamoo niliijua sauti. Sufuria.

"Unawajua wageni hawa?" baba yake akamuuliza. Hilo ndilo swali la desturi, na desturi inataka jibu fupi.

"Ndiyo, baba."

"Unayajua na maneno yao?"

Hapo angeweza kusema hapana. Angerudi jikoni akiwa binti mwema, na sisi tungeondoka na uganga wetu. Akafuta mikono kwenye kanga.

"Nayajua, baba. Si dawa. Ni lugha ya kujifunza kama Kiingereza. Nimejifunza kwa simu. Anayenifundisha ni mama huyo hapo, ingawa yeye hakujua ni mimi."

Macho yote yakanihamia. Sikuwa na pa kuyapeleka.

"Basi wamesema nini?" baba yake akauliza.

Akatafsiri kwa sauti moja, kama mwanafunzi anayejua jibu na anajua litamgharimu. "Baba mdogo ameuliza kama amtoe mmoja. Maana yake wanaye ng'ombe mmoja zaidi. Mama huyu amemwambia hapana, asimtoe."

Baba mdogo akafumba macho. Nami kwenye maisha yangu ya biashara sijawahi kuvuliwa nguo namna ile, tena na mwanafunzi wangu, tena kwa tafsiri isiyo na kosa hata moja.

Mwenye nyumba akanigeukia. Kitu fulani usoni mwake kililegea, na hakikulegezwa na dawa.

"Kwa hiyo ng'ombe wangu ulikuwa umemficha, mama."

"Nilikuwa nataka anenepe kwanza, mzee."

"Wako wangapi wengine?"

"Huyo ndiye wa mwisho," nikasema, na kwa mara ya kwanza siku ile aliamini neno hilo, kwa sababu habari ya ng'ombe huyo hakuipata kwetu, aliidokoa mwenyewe. Alimgeukia binti yake kupata uhakika, binti akaitikia kwa kichwa.

"Sasa hapo," akasema, "tumefika." Akampa baba mdogo mkono.

Babu hakutaka kuachwa nyuma. Akauliza kama hao wasiokuwepo wana watani. Binti akasema hajasikia kama wanao. "Basi ni sisi," babu akasema. "Tumewahi kabla ya wengine. Na mtani akikutwa ananong'ona sebuleni kwangu analipa jogoo." Akanielekezea fimbo. Nikamwambia jogoo atakuja, lakini atawika Kiklingoni. Akacheka mpaka akakohoa, na habari ya uganga ikaishia kwenye kikohozi kile.

Kijana akaitwa ndani, akakaa, akanywa soda kwa adabu. Niliona jambo moja. Alipoambiwa kwamba ng'ombe wa ziada amejulikana, hakushtuka. Alipoambiwa habari za uganga na kwamba binti amesimama mbele ya wote kujibu, alishtuka mpaka soda ikamwagika, akamtafuta binti kwa macho kule kwenye pazia.

Hapo kile kiatu nilichokuwa nimekiweka kando kikapata mwenzake.

Tulipokuwa tunarudi, baba mdogo akalala kiti cha mbele, kofia imeshuka puani. Mimi nikamsogelea kijana.

"Yule ng'ombe uliyemwongeza pale kituo cha mafuta. Aliongezwa ili asikike."

Akamchungulia baba yake mdogo kama amelala kweli.

"Na binti alijifunza ili amsikie. Akamnong'oneze baba yake jikoni, taratibu, kwamba wageni wanaye mmoja wamemficha. Mzee angerudi sebuleni ameshajua, akabana, akampata, akaridhika."

"Ndivyo tulivyopanga, mama. Hatukufikiria uganga. Hatukufikiria atamwita mbele za watu." Akafuta soda iliyomkaukia shatini. "Wazo lilikuwa lake. Mimi nilimwambia tu ile habari yako ya mteja na jirani wa mikanda. Akasema baba yake ndiye yule mteja."

"Kwa hiyo mimi ndiye nilikuwa jirani wa mikanda."

"Ulijibu vizuri sana, mama. Ungekubali mara moja asingeamini."

Nilimtazama kijana: mbwa wa Kiklingoni, aliyetokea mwisho kabisa wa sentensi. Sijui nilitaka kumpiga au kumpa mkono. Miezi yote ile nilikuwa nikitafuta anayefaidika na Kiklingoni, na kumbe nilikuwa nimewafundisha mwenyewe, wote wawili, bure.

"Na kaka yako wa Chemba, kweli katoa?"

"Huyo ng'ombe alikuwepo tangu mwanzo, mama. Tulimtoa kwenye hesabu ili arudi kwa mlango huo."

Harusi imepangwa baada ya mavuno ya alizeti. Jogoo nilimpeleka mwenyewe kwa gari la mizigo linalopita Mlali, babu akanitumia salamu kwamba mbona hawiki. Dada mkubwa wa binti, nasikia, amepata watu wanaobisha hodi tena, na baba yao ameanza kusema hadharani kwamba wageni wa siku hizi hawamdanganyi, ana masikio yake.

Jumapili iliyopita sufuria akaniandikia tena. Aliuliza namna ya kusema "tutakuja kukutembelea". Ni sentensi ya mwanafunzi wa kawaida, kiambishi kimoja cha mbele na kitenzi, hakuna mtego. Niliisoma mara mbili. Nikamuuliza, nani atakuja, na anataka nini. Akajibu kwa neno moja, nuqneH, lile la salamu, herufi kubwa imekaa mahali pake mwishoni.

Nikamsahihishia sentensi yake, nikamtumia. Kisha nikavipanga viatu upya, jozi kwa jozi, nikihakikisha hakuna aliyeondoka na kimoja.